Kitabu cha Miti Kilichotaka Kuzikwa Kengeja

Nawataja kwanza waliokuwemo, maana kila anayekuja hapa ananiuliza mara nani huyo, mara alikuwa wapi. Mimi mwenyewe, Mize binti Faki, wa Wingwi. Mke mwenzangu, Hadia binti Khamis. Mume wetu alikuwa mmoja, marehemu Kombo Shaame, Mungu amrehemu. Alipokuwa hai tuligombana miaka ishirini, na tangu afe tunakula chungu kimoja. Omar Ali, dereva wa gari la samaki la Tumbe, aliyenyonya ziwa langu pamoja na mwanangu Hamad, kwa hiyo naye ni mwanangu. Bi Riziki Khatib wa Mtambile, aliyetulaza kwake bila ya udugu hata wa mbali. Salma binti Nassor, ambaye yuko Unguja na hakuwepo, ila sauti yake ndiyo iliyotutoa nyumbani. Wifi yake Salma, Shuweni Saleh. Na Shehe Makame Haji wa Kengeja. Wengine nitawataja nikifika kwao.

Kwa nini nilitoka

Wengi wenu mwajua kuwa mie nina vitabu vya miti. Skuli niliishia darasa la tatu, lakini chuoni nilihitimu msahafu, na picha haitaki skuli. Ninavyo saba, vyote vya zamani, vyenye picha za miti na maua zilizotiwa rangi kwa mkono, hata mishipa ya jani unaihesabu. Kimoja nilikipata Konde kwa muuza njugu. Alikuwa akichana kurasa anafungia njugu, mie nikafungua kifungu changu nikakuta ua la mkomamanga, jekundu kama limechumwa leo. Nikamwambia, mwanangu, simama hapo hapo, nipe kilichobaki. Kingine nilipewa na mjane wa bwana shamba. Kila nikisikia nyumba ya kizamani inahamwa, nauliza: pana kitabu cha miti?

Lakini cha kwanza kabisa ni kile cha baba yangu. Baba, Faki bin Hamad, hakujua kusoma, ila sijaona mti wa Pemba uliomshinda jina. Alifanya kazi ya shamba Kengeja, kwa baba yake Bi Thuwaiba. Mama wa Bi Thuwaiba, Bi Zuwena, alikuwa na kitabu cha miti cha juzuu mbili, kilichotoka Bombay, na maandishi yake ya kizungu hakuna aliyeyasoma pale nyumbani. Basi Bi Zuwena hukaa barazani na kalamu yake, anamwonyesha baba picha, baba anataja jina, naye analiandika chini ya picha kwa khati za Kiarabu, Kiswahili chetu hiki hiki. Walipomaliza akampa baba juzuu ya kwanza iwe yake. Ya pili akabaki nayo. Na hiyo ya pili, baba alituambia mpaka siku anakufa, ukurasa wake wa mwisho umeandikwa jina lake.

Mie sikuwahi kuuona ukurasa huo. Juzuu ya pili nilionyeshwa mara moja, mtoto mdogo, na mkono wa mtu ndio uliokuwa ukifunua. Wingwi walikuwa wakicheka: "Faki mchuma karafuu, jina lake lifuate nini kitabuni?" Baba hana picha. Hana hati ya shamba, maana shamba hakuwa nalo. Kama jina lake limeandikwa mahali hapa duniani, ni pale tu.

Bi Thuwaiba aliniahidi, kwa mdomo wake: "Mize, kikae kwangu nikiangalie. Nikifa, njoo ukichukue." Akafa. Nikasema nitangoja arubaini yake ipite, si adabu kwenda kudai kitabu watu wanalia.

Jumatano baada ya alasiri ikaingia simu ya Salma, binti wa Thuwaiba. Hata salamu hakumaliza. "Bibi Mize, kitabu chako kinakwenda kuzikwa!"

Nyiye mnaokaa mbali labda mmesahau. Kwetu karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jaani. Misahafu iliyochakaa hufungwa katika kitambaa cheupe ikazikwa pahala pasipokanyagwa na mtu. Sasa wifi yake Salma, Shuweni, alikuwa akisafisha kabati la marehemu. Akaona kitabu kikuukuu kimekaa pamoja na misahafu, khati za Kiarabu kila ukurasa, mwanzo wake Bismillahi. Kiarabu hakijui. Akakitia na vyenziwe kwenye kitambaa, akashona, akampelekea Shehe Makame akizike Ijumaa. Salma alipoambiwa akapiga kelele kuwa kile si msahafu, lakini Shuweni alikuwa akitumia simu ya jirani, ikakatika, na tena hakupatikana. Simu yake mwenyewe ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo, na Shehe Makame simu hana.

"Kesho arubaini ya mama inasomwa kwa Shuweni, Mtambile," akasema Salma. "Nendeni, mtaona turubai. Atawafikisha Kengeja kwa Shehe. Mie boti nitaipata Ijumaa, nitafika wameshafukia."

Hadia alikuwa pembeni anashona kofia yake, sindano imesimama hewani. "Na weye hayo magoti yatafika Kengeja?"

"Yatanifuata."

"Basi nami nakuja. Ukianguka njiani, Wingwi nzima itasema mke mwenza kamsukuma."

Wingwi hadi Tumbe

Tuliondoka Alkhamisi baada ya kupambazuka kwa gari la ng'ombe la Mzee Bakari Tani, aliyekuwa akipeleka makuti. Juu ya makuti si pabaya, ila ng'ombe wake mmoja, jina lake Waziri, akiona majani husimama kula, na Mzee Bakari hampigi. "Ana haki yake," anasema. Hadia akamwambia, "Kama unampenda hivyo, mpandishe huku juu, siye tushuke tuvute."

Tulifika Tumbe tukidhani tumechelewa. Kumbe samaki ndio waliochelewa. Omar alikuwa amekaa juu ya boneti, anatazama bahari.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo." Hivyo ndivyo anavyotuita, mie mama na Hadia mama mdogo, na Hadia hapendi, maana kanizidi miaka miwili.

"Marahaba. Mwanangu, nina haraka, kuna kitu changu kinazikwa."

Akaruka chini. "Nani kafa?"

Nikamweleza. Akavua kofia akajikuna. "Mama, gari haliwezi kwenda tupu, wenye samaki wataniua. Mashua zikiingia tu, naondoka."

Tukangoja. Mama mmoja, Bi Siti Juma, alituletea mkate wa mofa na pweza wa kuchoma, akasema anaona tumekaa kama tuliokuja kuposa. Mashua zikaingia, na mnada nao ukaanza, na mnada wa Tumbe mnaujua. Watu wawili walishindania nguru mmoja mpaka nikatamani nimnunue mie niwape wote. Jua lilikuwa limepanda sana Omar alipopiga honi.

Tumbe hadi Mtambile

Omar alitukalisha mbele. Nyuma tenga za vibua na changu, na barafu. Tukapata pancha kabla ya kufika Ole. Omar akawa chini ya gari, barafu inayeyuka inamchuruzikia mgongoni, na mie kila dakika nachungulia: "Tayari?" Mara ya nne akajibu, "Mama, kitabu kilichongoja miaka yote hiyo kitangoja na msumari huu." Nikarudi kitini. Hakuwa amekosea, lakini moyo ulikuwa unapiga kama wa kuku.

Chake Chake alishusha samaki sokoni, marikiti, kisha badala ya kutuacha pale akasema hawezi kuona mama zake wanatafuta gari ilhali analo, akatufikisha hadi Mtambile ndipo akageuza. Tulipoteremka ilikuwa imekaribia alasiri. Na kweli turubai tukaliona, kubwa, la buluu, watu wamejaa.

Hapa ndipo tulipofanya makosa, na Hadia mpaka leo anasema ni yangu.

Tuliingia upande wa wanawake tukatoa salamu. Tukapewa nafasi mkekani, na kila mmoja akapewa juzuu yake ya msahafu asome. Sasa utamuuliza mtu Shuweni ni yupi, na watu wamo katika kusoma? Nikasoma. Wanawake waliokaa karibu nasi wakawa wanajisogeza kidogo kidogo, nikadhani wanatupa nafasi kwa heshima ya uzee. Hadia akaninong'oneza, "Si uzee. Tunanuka vibua."

Ikafika dua. Shehe aliyesoma akasema, "Ewe Mola, mrehemu mja wako Mzee Khatib bin Mbarouk." Tukaitikia amin. Hadia akanitia kidole cha mbavu.

"Thuwaiba amekuwa Mzee Khatib tangu lini?"

Kumbe siku ile Mtambile ilikuwa na hitima mbili. Turubai la Shuweni lilikuwa nyuma ya skuli, la kijani. Nikataka kunyanyuka, lakini sinia la pilau limeshatua mbele yetu, na kuondoka kwenye hitima ya watu bila ya kuonja chakula ni kumtukana marehemu. Tukala. Nasema kweli, pilau ile ilikuwa nzuri, ila kila tonge nilikuwa nikitazama jua.

Mwenye nyumba, Bi Riziki, binti wa huyo Mzee Khatib, akaja kutukarimu. "Karibuni mama zangu. Nyiye ni wa upande wa mama au wa baba?"

Nikamwambia ukweli. Alinitazama, akamtazama Hadia, kisha akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Wanawake wenziwe wakasema tangu baba yake afe hajacheka. Akamtuma mtu mbio kwenye turubai la pili. Mtu akarudi: hitima imekwisha, Shuweni ameshaondoka kwenda Kengeja kulala nyumba ya marehemu. Na gari la kwenda huko limeondoka nalo.

Bi Riziki akasema, "Mmemsomea baba yangu bila ya kumjua. Hamlali pengine ila hapa." Akatupa maji ya kuoga na kanga safi, na nguo zetu akazifua yeye mwenyewe, vibua vyote vikatoka.

Mtambile hadi Kengeja

Ijumaa asubuhi tulikunywa chai kwa maandazi na mbaazi za nazi. Mbaazi hizo zikumbukeni. Hadia alikula bakuli mbili, mie sikumaliza nusu, maana nje mawingu yalikuwa yameshakaa vibaya upande wa kusini na gari la Kengeja halitokei. Mara dereva kaenda kutia mafuta, mara anaoga ajitayarishe na Ijumaa. Saa nne ikapita.

Bi Riziki akatoka barabarani akasimamisha bodaboda mbili. Nikamwambia Hadia, "Panda."

"Mie? Nimshike kiuno mwanamume nisiyemjua, Ijumaa, mchana?"

"Mshike bega."

Akapanda. Njia nzima nilimsikia mbele yangu akisoma kwa sauti kila alichokijua, na yule dereva wake, Seif, akimwitikia amin kila kwenye shimo. Mvua ya kwanza ilianza kutudondokea tukiingia Kengeja.

Kengeja

Shehe Makame alikuwa amesema atazika baada ya sala. Lakini alipoona mawingu akahofia shimo litajaa maji, akaamua kuzika kabla. Tulipokata kona ya msikiti nikaona watu watatu kwenye pembe ya uwanja, chini ya ukuta. Mmoja ana jembe. Kifurushi cheupe kimeshatiwa shimoni, na mchanga wa kwanza umeshashuka juu yake.

Hadia, aliyekuwa mbele, ndiye aliyewahi kupiga kelele. 

"Ngojeni! Jamani ngojeni! Mnamzika mzima!"

Yule mwenye jembe, Bwana Mkubwa Hija, akalitupa jembe akarudi nyuma. Shehe Makame akageuka. Ni mtu mzima kiasi, mdogo kwangu, mpole, lakini mpole asiyeyumba.

"Bibi, hapa hazikwi mtu. Ni misahafu."

Nikateremka, magoti yamekufa ganzi, nikamwambia yote: baba, Bi Zuwena, ahadi ya Thuwaiba. Akanisikiliza mvua ikimdondokea, kisha akasema, "Mama yangu, sikukatalii. Lakini hiki nimepewa amana nikizike, kimekuja kimeshashonwa, sikukifungua. Akija mtu kutoka njiani akasema kitu chake kimo humu, nikampa, nitamjibu nini Mungu?"

"Aitwe aliyekupa."

Shuweni hakuwa mbali, nyumba ya marehemu ni ya tatu kutoka msikitini. Akaja mbio, mikono ina vumbi la makabati. Mwanamke mwema, msimfikirie vibaya. Aliposikia akashika kichwa. "Shehe, nimekiona kwa macho yangu, Bismillahi na khati tupu! Salma alinipigia kelele, simu ikakatika, nikadhani analilia misahafu ya mama yake. Kama ni chake bibi huyu, mie nimeridhia kitolewe. Lakini sikijui ni cha nini, nisije nikatoa maneno ya Mungu yakafanywa ya kuchezea."

Shehe akafikiri. Kisha akainama mwenyewe, akakitoa kifurushi, akapangusa mchanga kwa kanzu yake, akatuchukua barazani kwake. Mkewe, Bi Ruzuna, akatandika mkeka. Hadia akaomba mkasi, lakini alipoona mshono akaucheka: "Nani kashona hivi, kama anafunga gunia?" Shuweni akainamisha macho. Hadia akazifumua nyuzi kwa sindano yake ya kofia, moja moja, kitambaa kisichanike. Misahafu mitatu ikatoka, imeliwa na mchwa. Chini yake kitabu, kizima, jalada lake la ngozi, na punje mbili za karafuu zikadondoka kutoka ndani yake. Bi Zuwena ndivyo alivyokuwa akiviweka vitabu, na mie navitia vivyo hivyo.

Shehe akakifungua akikielekeza kwake. Akasoma kimya. Nikaona uso wake unalegea.

"Hiki ni miti," akasema. "Lakini bado sijajua kama ni chako." Akakigeuza, akaziba maandishi kwa kiganja, picha ikabaki. "Huyu nani?"

"Mtondoo."

Akatazama chini ya kiganja. Akafunua pengine. "Na huyu?"

"Mkadi. Huo ni wa dume, ndio wenye harufu."

"Kaandika hivyo hivyo, mkadi dume." Akafunua tena. Mtunguja. Mtomondo. Mbono. Mshubiri. Kila nikitaja, anachungulia, anaitikia kwa kichwa. Watu wakaanza kukusanyika barazani, Seif wa bodaboda naye hakuondoka. Mie nilikuwa namsikia baba. Nilikuwa mtoto nyuma yake njiani, anagusa gome kwa fimbo: huyu nani, Mize?

Kisha akafunua moja nikakwama. Ua la manjano, kubwa kama kofia, limepasuliwa katikati linaonyesha ndani yake, na pembeni mbegu imekatwa vipande. Sijawahi kuona ua limefanyiwa hivyo. Nikatazama. Nikatazama. Watu wakasogea karibu. Nikasema moyoni, Mize, umekuja mpaka hapa kuaibika.

Hadia akanisogeza kwa kiwiko. "Ebo! Hizi si mbaazi?"

Shehe akaondoa kiganja. Mbaazi.

"Asubuhi ya leo zilikuwa kwenye bakuli lako," akasema Hadia mbele ya watu wote, "tena ukazibakisha. Miti ya mwitu yote aijua, chakula chake hakijui!" Baraza zima likacheka, Shehe akacheka, Shuweni akafuta machozi, na mie nikacheka, maana nilikuwa kama mtu aliyevuliwa majini.

"Basi," nikamwambia Shehe, "nifungulie ukurasa wa mwisho. Usinisomee."

Akanipa kitabu mikononi. Khati ya Bi Zuwena ni nyembamba, wino umekuwa rangi ya chai. Nilisoma kwa kidole, kama chuoni, herufi kwa herufi, na watu wakaningoja. Majina haya ya miti ameyataja Faki bin Hamad wa Wingwi. Mimi nimeyaandika tu. Zuwena.

Nikasoma tena. Hadia, aliyekuwa na mzaha miaka yote, alinishika mkono.

Nikamuuliza Shehe, "Na Bismillahi iliyomo je? Si lazima izikwe?"

Akasema, "Kinachozikwa ni kilichochakaa, mama, kisije kikakanyagwa. Hiki kina wa kukitunza. Kiweke juu, pasafi, usikitandike chini." Kisha akamgeukia Shuweni, "Nawe hukukosea kukiheshimu." Akairudisha ile misahafu mitatu katika kitambaa, Hadia akakishona upya kwa mshono wa kofia, mzuri, na tukasimama na kanga zetu kichwani mpaka ilipofukiwa. Mvua ikashuka kweli kweli adhana ilipopigwa.

Kurudi

Kurudi hakuna la kusimulia, nashukuru Mungu. Salma alifika jioni, tukalala wote nyumba ya marehemu, na Jumamosi tukapita kwa Bi Riziki kumwonyesha kitabu. Akataka kuona mbaazi. Omar alitungoja Chake, na safari hii gari halikuwa na samaki, lakini Hadia alisema kiti bado kinawakumbuka.

Sasa juzuu mbili zimekaa pamoja juu ya rafu, juu kabisa, na Hadia amezishonea mfuko wa kitambaa cha kofia. Wale waliokuwa wakicheka, waliobaki, wamekuja wakasoma. Mzee Bakari Tani hajui kusoma khati, akaomba aonyeshwe tu neno lenyewe liko wapi. Nikamshika kidole nikakiweka pale.

Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, polepole, na kichwa changu ni cha zamani. Pengine aliyekuwa na jembe si Mkubwa Hija, ni ndugu yake. Pengine Bi Siti wa Tumbe ni binti Juma au ni mke wa Juma. Anayejua vyema anipigie au apite hapa anirekebishe, nitafuta na niandike lilivyo. Msinionee haya. Jina la mtu likikaa karatasini, nataka likae ndilo.